Toa Hiyo Karatasi Chini ya Godoro!

Ndugu yangu, unajua iko wapi. Usijifanye umesahau. Iko chini ya godoro, upande wa ukutani, imekunjwa mara nne, na kila usiku unaigeuzia mgongo.

Asilimia 53.

Uliiona siku ile matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalipotoka. Ulituma ujumbe kwa simu, ukangoja, mikono ikitetemeka. Jibu likaja: umefaulu. Nje, kule Kataki, hapa Kalemie, wenzako walikuwa wamekwisha kumwagiwa poda nyeupe kichwani, wamepanda pikipiki watatu watatu, wanapiga filimbi mpaka ng'ambo ya mto Lukuga. Wewe ulifuta poda ambayo mdogo wako alikuwa amekupaka, ukaingia chumbani, ukafunga mlango.

Ulifaulu, ukalia kama mfiwa!

Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa umewatangazia watu. Uliwaambia kanisani, uliwaambia uwanjani, ulimwambia shangazi kwa simu: nakwenda kusoma biashara, nitapata 70, nitatoka huko nikiwa mtu wa gestion, wa usimamizi wa biashara, nitafungua kampuni yangu. Na sasa wanauliza, kama wanavyouliza watu wetu wote: "Pursantaji ngapi?" Ukiliona swali hilo linakuja, unavuka barabara.

Tangu siku ile ni wiki ngapi? Hesabu. Wewe ndiye unayetaka kuwa mtu wa hesabu: hesabu!

"Acha nifikiri kwanza." Huko ni kuchelewa. "Namngoja mjomba wa Lubumbashi ajibu." Huko ni kuchelewa. "Mwaka ujao nitarudia, nitapata kubwa." Huko nako ni kuchelewa, ila kumevaa koti la Jumapili.

Amka! Inuka! Rudi!

Usidhani nakuandikia nikiwa nimesimama pwani, mikono mifukoni, namwonyesha kidole anayezama. Nilizama hapo hapo ulipo.

Mimi nilipata 52. Baba alikuwa ameweka pesa ya kuniandikisha chuoni ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Nilimwambia matokeo yangu yamekwama Kinshasa. Ulikuwa uongo. Akauamini kwa sababu alinipenda. Mwezi wa kwanza pesa ilikuwapo yote. Mwezi wa tatu dada yangu aliugua malaria, kopo likafunguliwa. Mwezi wa tano upepo wa mvua uliezua paa, kopo likafunguliwa. Kabla mwaka haujaisha tulimzika babu, kopo likafunguliwa kwa mara ya mwisho, nikalisikia likigonga sakafu, tupu.

Hakuna aliyeniibia. Hakuna aliyenizuia. Hakuna aliyenifukuza. Pesa ya masomo ina miguu, ndugu yangu. Isipokupeleka shuleni itakwenda kwingine, na mara nyingi itakwenda mahali pa haki kabisa, mahali ambapo hutaweza hata kulalamika.

Nilipokuja kusema ukweli, baba hakunipiga. Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Hamsini na mbili si kufaulu?"

Sikuwa na jibu. Na wewe huna.

Sema basi! Kufaulu Exetat kunaanzia wapi? Kunaanzia 50. Hilo unalijua tangu ukiwa mtoto. Ulikaa mbele ya insha ya Kifaransa, ukafanya zile siku nne za maswali, ukamaliza, ukapita. Serikali imekwisha kusema wewe ni mwenye diploma. Nani basi anayekutangaza umeshindwa? Si mkaguzi. Si mwalimu. Ni wewe peke yako, chumbani, mlango umefungwa!

Sitakudanganya. Ipo milango ambayo 53 haifungui. Programu ya ufadhili ya Excellentia inatafuta waliong'ara kuliko wote nchini, haitakuita. Vipo vitivo vinavyotazama asilimia kwa jicho kali, na vipo vyuo vitakavyokuambia: kwanza ufanye mtihani wetu wa kuingilia. Lia kwa ajili ya hayo siku moja. Lia siku mbili. Kisha unawe uso.

Maana wewe hukusema unataka kuwa daktari wa upasuaji. Ulisema biashara. Na biashara ina milango yake, iko wazi, na inaanza kufungwa unaponisoma hapa. Kuna Chuo Kikuu cha Kalemie, Unikal yetu, hapa hapa nyumbani, unakokwenda asubuhi na kurudi kula kwa mama. Kuna ISC ya Lubumbashi, chuo cha juu cha biashara, kinachofundisha kazi yenyewe kuliko nadharia. Vyote viwili vina tarehe ya mwisho. Tarehe haitakuuliza ulilia kiasi gani!

Na wewe uliyepata chini ya 50, usiiache karatasi hii. Neno lako ni jingine. Wewe utarudia, na hakuna aibu ndani yake. Shule yako isipokurudisha, sheria inakuruhusu kuandikishwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, wale tunaowaita autodidactes. Lakini anza sasa, anza na Kifaransa, anza na somo lililokuangusha. Anayengoja mwezi wa tano ndipo afungue daftari amekwisha kuchagua kushindwa mara ya pili.

Ila mwenye 53, mwenye 55, mwenye 58, ambaye anataka kupoteza mwaka mzima ili tu apate namba nzuri ya kuwaambia majirani: acha! Naandika hivi nikijua wapo walimu wasiokubaliana nami. Mimi nasema acha.

Sikiliza kwa nini. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vilipoingia kwa pamoja katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), licence ni miaka 3 na krediti 180, krediti 60 kila mwaka. Ukimaliza mwaka wa kwanza na krediti zako 60, hizo ndizo zitakazozungumza kwa ajili yako. Sasa linganisha vijana wawili, wote wa 53. Mmoja ameingia. Mmoja anarudia. Miezi 12 baadaye, wa kwanza ana krediti 60 mkononi. Wa pili, akibahatika, ana 61 kwenye karatasi na yuko kwenye foleni ile ile aliyoiacha. Yupi amesonga mbele? Jibu unalo. Ulikuwa nalo kabla hujafungua ukurasa huu.

Huko Marekani na Ulaya wanaotaka shule kubwa za biashara hufanya mtihani unaoitwa GMAT. Mtu anaweza kuurudia hadi mara 5 ndani ya miezi 12, na matokeo yake hudumu miaka 5. Kule kurudia ni jambo la wiki chache. Kwetu kurudia ni mwaka wa maisha. Usiazime hesabu ya nchi ambayo huishi.

Sasa nasema juu ya hatari, na hapa nakuomba ukae kitako.

Atakuja mtu. Atakuja jioni, amevaa vizuri, anazungumza taratibu. Atajua jina lako na atajua namba yako. Atasema anamfahamu mtu Kinshasa, kwamba 53 inaweza kuwa 73, kwamba ni dola kadhaa tu, kwamba wote wanafanya hivyo. Atasema usimwambie baba.

Kimbia! Usimpe kiti! Usimpe maji! Usimpe jibu la "nitafikiri"! Diploma ya uongo ni kosa la jinai, na vyuo huzihakiki diploma. Tena fikiri juu ya kazi uliyoichagua. Unataka kuwa mtu wa vitabu vya hesabu, mtu anayekabidhiwa sanduku la pesa ya wengine, mtu ambaye saini yake ndiyo mali yake. Na saini yako ya kwanza kabisa iwe ya kughushi? Utawezaje kuketi mbele ya daftari la mwajiri wako, ukijua ukurasa wa kwanza wa maisha yako umefutwa na kuandikwa upya kwa pesa?

Atakuja mwingine, naye atakuuzia maombi. Ataomba matokeo yabadilike, kwa bahasha. Mungu wa kweli hauzi asilimia. Piga magoti bure, nyumbani kwako, na ukiinuka nenda kaandikishwe.

Na wa tatu hataki pesa yako. Ni rafiki yako. Atasema: twende, tupande boti, tuvuke Kigoma, au tuondoke na treni, huko mbele tutajua. Huko mbele! Bila barua ya chuo, bila mahali pa kulala, bila pesa ya muhula wa pili! Sikatazi safari. Nakataza kukimbia aibu ukaiita safari. Kwa mwenye pesa ya kopo moja, ushauri wangu ni wazi: anza hapa. Soma Kalemie, lala kwenu, na pesa ambayo ingelipa chumba Lubumbashi ikulipie mwaka wa pili.

Mnaamini Maandiko? Basi fungueni Mathayo 25. Bwana alisafiri, akawaachia watumishi watatu mali yake: mmoja talanta tano, mmoja mbili, mmoja moja. Tumelihubiri jambo hili kila mwaka na bado hatulisikii! Yule wa moja hakuhukumiwa kwa sababu alikuwa na moja. Bwana ndiye aliyempa hiyo moja, aliijua namba yake. Alihukumiwa kwa sababu alichimba shimo. Aliogopa, akachimba, akafukia. Na Bwana akamkumbusha kwamba walikuwapo watu wa kuweka na kukopesha pesa, angalau angewapelekea wao apate faida kidogo. Mfano wa biashara, ndugu yangu! Mfano wa mtaji mdogo!

Godoro lako ni shimo. Talanta yako ni 53. Na wewe unalala juu ya kaburi lake.

Tazama nje basi. Toka chumbani, ushuke mpaka ufukweni alfajiri, mitumbwi inaporudi. Tazama akina mama wanaonunua ndakala kwa beseni, wanaowaanika mchangani, wanaogeuza, wanaofukuza kunguru, wanaojaza magunia. Samaki wamenunuliwa kwa faranga, gunia limelipwa kwa dola, usafiri umelipwa kwa faranga tena, na kati ya hapo pesa imebadilishwa barabarani mara mbili. Mwisho wa mwezi mama anafungua kitambaa kiunoni, anahesabu noti, anasema: nimepata. Amepata nini? Hajui kama amekula faida au amekula mtaji! Miezi mitatu baadaye hana pesa ya kununua beseni moja, na atasema ni bahati mbaya, au ni jicho la jirani.

Si jicho la jirani. Ni hesabu ambayo hakuna aliyemwandikia. Na mama huyo, dada yangu, kaka yangu, huenda ni mama yako. Huenda ndakala hao ndio waliokulipia minerval, ada ya masomo, miaka yote ya sekondari!

Hicho ndicho unachokwenda kusomea. Wewe ulifikiri unakwenda kusomea tai na mkoba? Unakwenda kusomea safu mbili, kinachoingia na kinachotoka. Unakwenda kujua kwamba gharama zinaandikwa katika daraja la 6 na mapato katika daraja la 7, na kwamba mtaji una mahali pake katika daraja la 1, haugusiki kwa sababu ya harusi ya binamu. Sheria ya biashara ya OHADA, umoja wetu wa nchi za Afrika, ilianza kutumika kwetu tarehe 12 Septemba 2012. Hesabu utakayoandika Kalemie inaandikwa kwa utaratibu ule ule Dakar, Abidjan na Douala: nchi 17, lugha moja ya vitabu! Na ndani ya utaratibu huo kuna njia nyepesi iliyowekwa kwa ajili ya biashara ndogo kabisa, daftari la pesa iliyoingia na pesa iliyotoka tu. Mama wa ndakala anaweza kulishika akifundishwa. Nani atamfundisha? Anayelala?

Mji huu ulizaliwa kwa biashara. Kabla haujaitwa Albertville, misafara ilivuka ziwa hapa. Reli ya kutoka Kabalo ilifika mwaka wa 1915, bandari ikapokea, meli zikapakia. Kiwanda cha Filtisaf kilisokota nyuzi na kufuma nguo hapa, wazee wetu wakaamshwa na king'ora chake. Leo pita pale usikilize. Kimya. Vita vilivunja, uongozi ulivunja, mashine zikazeeka, najua. Lakini siku mtu atakapotaka kuwasha tena mashine moja, atauliza: nani hapa anajua bei ya pamba, ushuru wa bandari, kodi ya TVA ya asilimia 16, mshahara wa watu 30? Je, ainuke kijana wa Kalemie, au wamlete mtu kwa ndege?

Utasema: mzee, mimi nimezama. Namba imenizamisha.

Vema, tuongee juu ya kuzama. Unaijua Liemba. Babu zako walipanda meli hiyo. Wajerumani waliijenga mwaka wa 1913 kule Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha kwa makasha, wakaiunganisha Kigoma, wakaiita Graf von Götzen. Vita vikaja. Ndege za Wabelgiji ziliruka kutoka upande huu wetu kwenda kuilenga. Mwezi wa saba 1916 Wajerumani waliona hawataweza kuilinda, wakaamua kuizamisha wenyewe.

Lakini angalia walichofanya kabla! Mafundi walishuka kwenye injini, wakazipaka grisi nzito, kila sehemu, kwa uangalifu, kana kwamba wanamvika mtoto nguo za baridi. Ndipo wakaiacha ishuke. Walizamisha meli wakiwa na nia ya kuiinua!

Wabelgiji waliiinua kwanza, ikazama tena. Mara ya pili! Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924, wakafungua injini, wakazikuta nzima chini ya ile grisi. Mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na ikabeba watu na magunia kwa miongo mingi baada ya mataifa yaliyoipigania kuondoka ziwani.

Mara mbili chini ya maji! Wewe umezama mara moja, tena majini penye kimo cha magoti.

Ninachokuuliza ni hiki: grisi yako iko wapi? Tangu matokeo yatoke umefungua kitabu cha hesabu mara ngapi? Umeandika ukurasa mmoja wa Kifaransa? Kuna atakayesahau mwezi wa kumi kile alichokijua mwezi wa sita, na siku ya mtihani wa kuingilia atasema chuo kinamchukia. Paka grisi! Soma saa moja kila asubuhi. Chukua daftari la senti chache, uandike mauzo ya mama kwa siku 30, yaliyoingia na yaliyotoka, mpaka uone kwa macho yako mtaji unavuja wapi. Mwaka wa 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti, mvuvi mwenye akili hakulala miezi mitatu. Alishona nyavu.

Na wewe dada yangu. Kwako sauti ni nyingine, naijua. Wanasema: "Kwa hiyo 53 si afadhali uolewe?" Wanasema hivyo kwa upole, wakikumenyea muhogo. Kaka yako akipata 53 wanatafuta chuo. Wewe ukipata 53 wanatafuta mchumba! Usikubali namba ile ile ipewe maana mbili katika nyumba moja. Simama mbele ya baba kwa heshima, usimame mbele ya mama kwa heshima, useme: nimefaulu, nataka kuandikishwa, nitasaidia kulipa. Anayekupenda kweli atakukuta ukiwa na daftari mkononi.

Pesa? Najua. Pesa ndiyo inayosemwa mwisho na kufikiriwa kwanza. Nyumba zingine zilipoteza vitanda na magunia maji ya ziwa yalipopanda mwaka huo huo wa 2024, na hazijasimama sawasawa hadi leo. Kwa hiyo usije kwa baba na maneno "nataka chuo". Njoo na namba. Nenda kwanza ukaulize minerval inalipwa kwa awamu ngapi. Uliza kama kuna vipindi vya mchana au vya jioni. Uliza mtihani wa kuingilia ni tarehe gani na unagharimu kiasi gani. Kisha utafute kibanda cha kutuma pesa kwa simu kinachohitaji mtu wa mikono misafi, ufanye kazi pale saa zisizo za darasa. Ingia katika likelemba, mchango wa zamu, na watu wanaolipa kwa siku, zamu yako uiombe iangukie mwezi wa awamu ya pili. Hiyo yenyewe ni gestion! Utakuwa umeanza somo kabla ya profesa.

Usiniambie kwamba hayo ni madogo. Anayedharau faranga 500 alizo nazo kwa sababu ya dola 500 asizo nazo hajaanza biashara.

Basi fanya hivi, na usifanye wiki ijayo. Kesho, kabla jua halijawa kali, piga picha za pasipoti. Toa nakala za bulletin zako, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa kufaulu. Nenda kwenye ofisi ya uandikishaji, ile tunayoiita apparitorat, usimame kwenye foleni. Watakuwapo wenye 75 mbele yako na wenye 50 nyuma yako. Hakuna atakayegeuka kukutazama. Kila mmoja atakuwa anatazama bahasha yake. Karani atauliza asilimia ngapi.

Taja. Kwa sauti. "Hamsini na tatu." Ataiandika, atakuambia sogea, atamwita anayefuata. Yamekwisha! Kitu ulichokiogopa wiki hizi zote huchukua muda wa kuandika tarakimu mbili.

Lakini kuna mtu wa kuambiwa kabla ya karani. Mimi nilimchelewesha mwaka mzima, na swali lake bado linanijia usiku. Wewe wako yuko hapo nje sasa hivi. Ni kama nakuona: jua limezama upande wa Lubuye, taa za wavuvi zimeanza kuwaka ziwani moja moja, mama anapanga sahani, baba amekaa kwenye kiti chake cha uani na redio ndogo sikioni. Kopo bado liko juu ya kabati. Bado zito.

Inua godoro. Ikunjue. Nenda ukakae karibu naye, uzime redio.